Ilunga Alijisemea Mwenyewe

Mudogo yangu, Mama Ilunga,

Yambo sana. Ule mugongo yako unakuacha ulale? Siye huku Kashikishi, ngambo ya ziwa, tuko bazima, na mimi kupita vijana: kila asubui mutumbwi yangu njo inatangulia kufika. Tena naandika mwenyewe, hakuna mutu ananishika mukono.

Uliuliza nani huku atapenda mutoto yako Ilunga, mutu hatazamake batu ku macho, anakataa bukari, ule ugali yetu, kama imegusa samaki. Sikia basi. Kuko binti moja, Mwansa, mwenye kuanika samaki ku kijiji ya Kabuta. Ilunga anaendaka kumusaidia. Banaanika bote mbili, kimya, banafurahi.

Bon, kwa Babemba mwenye kutaka bibi haendake mwenyewe. Anatuma mutu na sahani mbili, moja inafunika ingine, ushanga ndani. Batu ya kwabo binti bakifunua, bamekubali. Nani anajua kusema kunipita mimi? Nikaenda kwabo Mwansa na sahani. Ilunga akanifuata, nilimukatalia bule. Akakaa pa mulango, mikono ku masikio.

Nikaanza: "Mutoto yetu eko na mitumbwi tatu."

"Moja, mujomba," Ilunga akasema. "Na inavuja."

"Pa soko kila mutu anamupenda."

"Pa soko mi sifikake. Makelele inaniumiza."

"Nyamaza. Naosha jina yako hapa."

"Jina yangu haina uchafu."

Banaume ya pale bakacheka mupaka kukohoa. Nilikasirika, nikashika sahani tutoke. Nkambo ya Mwansa, mama muzee hana meno, akaweka mukono juu ya sahani. Akamuuliza Ilunga: "Na weye, mujukuu yangu unamutakia nini?"

Ilunga akatazama mukeka. "Nikinyamaza, yee haniulizake niko na nini."

Mwansa alikuwa nyuma ya nyumba anasikia. Akaita: "Nkambo, funua."

Bakafunua. Njo vile nilimupatia mutoto yako bibi.

Sasa kunabakia kuzungumuza mahari. Batu ya kwabo Mwansa banasema uje weye mama yake, na mimi nipumuzike. Sijachoka, unanijua. Lakini Ilunga mwenyewe aliniomba: "Mujomba, ile siku kaa inje." Hajapata kuniomba kitu tangu utoto yake. Nitakaa inje. Boti ya Kilwa, upande yenu, ingali inavuka ziwa, hata na ile vita ya kwenu. Kama basoda, baaskari, bameacha njia wazi, vuka.

Salimia shemeji, bwana yako, aache pombe. Salimia yaya, ndugu yetu mukubwa, na shangazi kipofu, umusomee hii kwa nguvu.

Kaka yako, mwenye hashindwake,
Kabwe