Vyelezo Vyangu Vimezama, Baba Wambui

Baba Wambui,

Nimeketi, nimeinuka, nimefungua friji ambayo sina kitu ndani yake, nimerudi kuketi. Tangu uende nimekuwa hivi. Wasichana ninaolala nao chumba kimoja wananiambia, "Nekesa, tulia bwana, unatutia kizunguzungu." Nitulie na nini? Leo ni Ijumaa, ndiyo Jumapili yetu ya huku, hakuna kazi, wao wameenda kanisani, nami nimesema nikuandikie kabla miguu haijanipeleka nje tena.

Kwanza za nyumbani. Ulifika salama. Wambui alinitumia video ya mazishi nikaitazama dukani, nimejificha nyuma ya rafu za nailoni. Mvua ilikuwa inanyesha. Watu wa kwenu wakasema ni baraka. Mimi niliona tu matope kwenye viatu vya mtoto wako, nikalia mpaka mteja mmoja akaja kuchungulia kama kuna mtu ameumia. Aki, Baba Wambui, ungeniaga hata kidogo. Ulisema kifua kinakubana, ukapanda teksi kwenda hospitali, ukaniambia nisiguse koleo lako. Maneno ya mwisho hayo! Koleo!

Basi nililigusa.

Za hapa Al Quoz sasa. Meza yako bado ipo pale pembeni, chini ya feni inayopiga kelele. Pipa lako halipo. Lile la bluu ulilolijaza maji ya bomba ili upimie vyelezo kama vinaelea sawasawa, arbab, bosi wetu huyu, aliona mbu wawili juu yake akasema khalas, basi, toeni hii, na dereva akalibeba siku hiyo hiyo. Kisha akanigeukia. Akasema nimalizie oda ya yule Mkanada wa Jumeirah Village Circle, halafu na meza itoke, kwa sababu mishipi ya kuvulia iliyofungwa tayari siku hizi inaletwa kwa katoni. Nikabishana naye, unajua mdomo wangu. Mwisho akasema, haya, Mkanada akiagiza tena tutaongea. Asipoagiza, meza inatoka na mimi narudi kubandika bei. Inshallah, akasema, vile wanavyosema wakitaka uondoke mbele yao.

Sikulala vizuri tena. Si kwa sababu ya kubandika bei, hiyo kazi naiweza hata nikiwa nimefumba macho. Ni kwamba hapo mezani ndipo mahali pekee Dubai nzima ambapo wewe bado upo. Wakiiondoa meza nitakutafuta wapi mimi?

Watu bado wananiuliza, hata wa kwetu, inakuwaje mtu analipwa jangwani kutengeneza vitu vya kuvulia samaki wa mto wenye barafu. Nawaeleza kama ulivyonieleza. Kwamba kijana ulikuwa ukiwabebea wageni fimbo zao za kuvulia kwenye mito ya mlimani kwenu, ile yenye samaki trauti. Kwamba huyu stilihedi wa Mkanada ni trauti yule yule, ila ameteremka baharini, akanenepa huko, na sasa anarudi mtoni alikozaliwa. Ulipenda kumalizia hapo na kucheka, "Kama sisi tu, lakini yeye haombi likizo kwa kafeel aliyemshikia pasipoti."

Na nawaeleza vile tulivyojuana, hiyo hawaiamini kabisa. Mwanamume mzima, mlinzi wa stoo, ananijia kwenye kaunta mbele ya wateja: "Dada, una rangi ya kucha? Ya pinki, au ile ya chungwa." Nikasema moyoni, huyu mzee ananitongoza na ameanzia mbali. Kumbe ulitaka kupaka shanga zifanane na mayai ya samaki! Chupa yangu mpya ukaimaliza yote. Nilikununia wiki nzima, kisha nikaja kuona unafanya nini, na sikuondoka tena.

Nakumbuka mikono yako. Chelezo juu ya mshipi, kisha punje za risasi zikishuka moja moja, kubwa karibu na chelezo, ndogo zikielekea ndoano, zimeachana kama vifungo vya shati. Unazibana polepole na koleo ili mshipi usijeruhiwe. Fundo unalilowesha kwa mate kabla hujalikaza, na nikisema uchafu huo unaniambia nikalete mate ya arbab basi. Chambo kitangulie, chelezo kifuate. "Samaki aone chakula kabla hajaona ujinga wako." Halafu unakitumbukiza kwenye pipa, unaongeza punje, unapunguza, mpaka ibaki ncha tu nyekundu juu ya maji. Ikibaki nyingi, samaki akivuta anahisi uzito anaachia. Isipobaki kitu, huoni kinachoendelea chini.

Ulikuwa umefunga mishipi kumi na miwili ya Mkanada. Iliyobaki minane nikaifunga mimi. Nikabana punje moja mpaka nikakata mshipi, nikatukana kwa Kibukusu, nikaanza upya. Lakini nilipomaliza niliona imependeza. Sikuweza kuitofautisha na yako. Ilibaki kuipima tu, na pipa ndiyo hivyo. Ndoo nayo ni fupi, punje zinakaa chini, chelezo kinakudanganya. Basi mimi nikajiona mjanja. Siku ya mapumziko nikachukua basi mpaka baharini, nikatembea juu ya mawe yale marefu yanayoingia majini, mahali penye kina, nikavipima kimoja kimoja. Watu wanaogelea, wanapiga picha, mimi nimechuchumaa na koleo na kofia. Niliongeza punje mpaka ncha tu ikabaki. Safi. Nilirudi nikiimba, Baba Wambui. Mara ya kwanza tangu ufe.

Mkanada aliniambia nimpelekee nyumbani kwa sababu anasafiri kesho yake. Alikuwa amesikia kuhusu wewe, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema mzee alikuwa rafiki yake. Akafungua boksi, akaangalia, akatikisa kichwa kwa furaha. Alidhani yote ni kazi yako. Hakuuliza, nami sikusema. Kisha akasema twende bwawani tuone vinavyokaa, maana kwenye jengo lao kuna bwawa la kuogelea orofa ya juu. Ndoano zilikuwa hazijafungwa bado, nikasema sawa, sir, yalla.

Askari wa jengo alitaka kutufukuza. Mtu wa Malindi, amevaa tai kwenye joto lile. "Sir, no fishing," anasema, na kwa Kiswahili ananiambia pembeni, "Dada, mnataka nifutwe kazi?" Nikamwambia ndoano ziko wapi, baba, nionyeshe ndoano. Akabaki kusimama karibu, kutusimamia.

Mkanada akatumbukiza cha kwanza. Kikasimama wima, ncha nyekundu juu. Cha pili vilevile. Cha tatu kikazama.

Kikazama moja kwa moja, Baba Wambui, hakikujaribu hata kusitasita. Akakivuta, akakitazama, akakirudisha. Kikazama tena. Ikawa hivyo, hiki kinasimama, hiki kinazama, na mimi nimeshaelewa. Vyako vilisimama vyote, changu hata kimoja hakikubaki juu. Pale kando ya maji, mbele ya askari mwenye tai, ilionekana wazi ni kipi kimefungwa na marehemu na kipi kimefungwa na mimi. Mkanada naye aliona. Akaenda kukaa. Afadhali angenifokea.

Nilisema sijui ni nini, nilivipima mwenyewe, nilivipima baharini. Yule wa Malindi akacheka mpaka akashika ukuta. "Baharini! Kwani wewe wa bara? Maji ya chumvi yanabeba, dada yangu, haya matamu hayabebi hivyo! Chumvi inabeba hata wewe." Sasa mimi ningejua vipi? Kwetu Bungoma bahari tunaisikia kwenye redio. Sijaingia majini kupita magoti maisha yangu yote, na wewe hukuniambia kwa sababu wewe nawe wa mlimani, uliweka maji ya bomba kwa sababu bomba lilikuwa karibu! Nilikukasirikia pale pale. Nilikukasirikia kwa kufa kabla hujamaliza kunifundisha.

Nikapiga magoti. Nikatoa koleo lako. Punje za juu ndizo nilizotoa, zile ndogo za chini, upande itakapofungwa ndoano, sikuzigusa, hizo ndizo zinazotanguliza chambo. Toa moja, tumbukiza, tazama. Toa nyingine. Jua lilikuwa linanichoma shingo, Mkanada amekaa kwenye kiti cha bwawa, yule wa Malindi sasa ananipokelea mishipi iliyolowa na kuinyoosha bila kuombwa. Kulikuwa na utulivu ndani yangu ambao sijauona tena hadi leo. Vyote vinane vikasimama. Mkanada akafunga boksi na kusema asante, basi. Asante tu. Nikapanda basi kurudi sijui kama nimeokoa meza au nimeizika.

Jana ameandika.

Ametuma picha ya samaki mmoja mrefu, mstari mwekundu ubavuni, amemshika ndani ya maji kisha akamwachilia. Chini yake maneno machache. Mishipi yote imekwisha. Imekwama kwenye mawe na magogo, yote, yangu na ya mzee. Anataka mingine, mara mbili ya ile. Arbab amesoma, ameniangalia, amesema meza ibaki.

Wenzangu walinipigia vigelegele. Mimi nilifurahi muda wa kumeza mate, kisha nikashikwa na hasira nikatoka nje, nikatembea katikati ya magereji mpaka lori likanipigia honi. Yote, Baba Wambui! Nilikuwa nimepanga kumwomba mshipi mmoja wako akirudi. Mmoja tu, niuweke. Sasa haupo hata mmoja duniani nitakaoweza kuuangalia nikisahau nafasi kati ya punje na punje.

Halafu nikakumbuka ulivyokuwa ukimwambia Mkanada, ukinirudishia mishipi yangu yote nitajua hukufika chini walipo samaki. Basi amefika. Kazi ya mikono yako iko chini ya mto sasa, huko ambako wewe hukupata viza.

Nakuahidi kitu kimoja, maana sitaki kuahidi vingi nikavunja. Kesho naanza kufunga mishipi. Nimepata pipa, la kijani, lina mfuniko kwa ajili ya mbu. Na Mkanada akija kuchukua, sitanyamaza tena nikimwacha adhani ni mkono wako. Vikisimama au vikizama, nitamwambia, nimefunga mimi.

Lala, Baba Wambui. Lala usinisikilizie, ngoja nikajaze maji.

Nekesa