Sala Iliyofutwa Daftarini

Waithaka, Nairobi.

Kwa dada yangu mpendwa Nduku,

Pokea salamu za mdogo wako, pamoja na ombi la msamaha kwa kukaa kimya tangu mvua zilipoanza. Goti lako linaendeleaje? Na kisima, kimepata maji? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo wangu una uchungu, na si vyema nikufiche.

Unakumbuka nilivyokueleza kazi yangu kule Spring Valley. Tunatengeneza nyuzi za fuwele, nyembamba kama unywele, za kupitishia mwanga mkali unaoweza kukata chuma. Mimi ndiye ninayeuvuta uzi kutoka kwenye fuwele iliyoyeyuka, kisha ninauvisha koti la kioo ili mwanga usitoroke pembeni. Ugumu uko kwenye hilo koti. Fuwele na kioo havisinyai kwa kasi moja vinapopoa. Ukiharakisha, koti linapasuka.

Miaka yote, nikishauingiza uzi katika tanuru, nilisimama kando nikasali sala yangu ya asubuhi. Unaijua: huanza na wazazi wetu, hufuata marehemu mke wangu Mueni, kisha nyote huko nyumbani, mmoja mmoja kwa jina na haja yake. Nikisema Amina, napunguza moto. Ndivyo nilivyoandika katika daftari langu: "Sala, mpaka Amina. Kisha punguza moto."

Daktari, yule msomi anayetusimamia, aliliazima daftari hilo. Lilirudi limekuwa kitabu kilichopigwa chapa, jina lake juu, mstari wa sala umeondolewa. Nilimwomba kwa heshima aongeze jina langu, hata chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Akacheka. "Mzee, jina ya fundi haiwekwangi. Wewe ni mikono tu. Na hizo maombi ziishe, hapa si kanisa."

"Sawa, bwana. Niwie radhi," nikamjibu. Nikaacha kusali.

Juma lile lile nyuzi zikaanza kupasuka. Ulipopasuka wa tatu ndipo nilipong'amua kwamba sala ndiyo iliyokuwa saa yetu. Urefu wake ndio ulioupa uzi muda wa kutulia katika joto. Naungama, dada: sikumwambia Daktari.

"Mzee, hiyo tena!" alisema Mama Atieno, anayefagia karakana. "Inalia kama sahani za harusi. Ama umeiroga?"

Nilimwomba radhi kwa vipande alivyolazimika kuzoa, lakini mlio ule ulinipendeza kuliko kinanda cha kanisani.

Alhamisi ijayo wanunuzi watakutana na Daktari katika hoteli moja katikati ya mji, nasi mafundi tumeagizwa tuhudhurie. Amewaahidi uzi mzima, na hana hata mmoja. Nyuzi za zamani ziliishia zote katika majaribio. Basi Jumamosi akaja mwenyewe hapa kwangu, viatu vyake vyeupe vimejaa tope. Nilimkalisha kwenye kiti cha Mueni, nikampa chai.

"Mzee wangu, nisaidie. Nimefuata kitabu yote. Nini imebaki?"

"Nitakuonyesha, bwana. Ila kwanza tuombe."

Nikasali sala ile ile, bila kuruka mtu. Mwishoni nikamwongeza na yeye, kwa jina lake kamili, kwa kuwa ni kitu anachokipenda sana. Nilifumbua jicho moja nikamwona akitazama saa, tena si mara moja. Chai yake ilikuwa imefanya utando.

"Mzee, umenimalizia asubuhi! Haya, sasa niambie."

"Nimekwisha kukuonyesha, bwana."

Akaondoka, akalibamiza geti.

Niwie radhi, dada. Misheni walitufundisha kusamehe, nami sijasamehe. Nimeipiga pasi suti niliyomzikia Mueni. Alhamisi nitaketi kiti cha mbele, na atakapofungua kisanduku chake kisicho na uzi mzima nitampigia makofi kwa adabu.

Nisalimie shemeji yangu Kioko, na kifua chake; binti yako Mwikali, mwalimu wetu; mwanawe Muthui, anayejifunza kutembea; na shangazi yetu Kalekye, ambaye hasikii, mshike tu mkono. Wataje polepole, kila mmoja na haja yake, kama ninavyofanya mimi, ukianzia kwa wazazi wetu. Ukimaliza, tazama saa ya ukutani. Hicho ndicho kipimo alichokifuta. Sasa unacho wewe, na yeye hana.

Ndugu yako akuheshimuye,
Josiah Mutisya