Binti Yangu Anamsubiri Mama Yake Kabatini

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie, maana jambo hili nimelianzisha mwenyewe na sasa limenishinda. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, na mke wangu alifariki mwaka jana akaniachia binti wa miaka sita, tunamwita Chiriku kwa wingi wa maneno, basi likizo iliyopita mimi na shemeji yangu, yaani mjomba wake, tukasema tumchangamshe kwa filamu ya nyumbani, kabati la nguo likawa chombo cha kusafiri katika wakati, tukalipaka rangi ya fedha na kulifunga vitaa, Chiriku akawa rubani, akashuka mbele ya kitambaa cha kijani na kushikana mkono na mjomba wake aliyejifunika kijani mwili mzima, ili kwenye kompyuta nimfute na kuweka dinosau. Badala ya dinosau nikaweka video ya zamani ya mama yake akianua nguo, nikaunganisha mikono yao, nikidhani nampa mtoto zawadi. Alipoiona akaniuliza, “Baba, kumbe nilifika? Mbona sikumbuki?” Ulimi ukaniponyoka: “Ulifika, mwanangu, ila mashine imeharibika.” Tangu hapo akitoka shule anajifungia kabatini, viatu vipya hataki, eti mama akija asishindwe kumtambua, na juzi nilimtoa humo amelowa jasho, anahema. Shemeji anasema, “Mwache bwana, mtoto huyo, atasahau.” Mimi naogopa kwamba nikimwambia ukweli nitakuwa nimemuua mama yake mara ya pili. Nifanyeje?

Baba Chiriku

Baba Chiriku,

Pole sana kwa kufiwa. Ulimtengenezea mwanao picha ile kwa mapenzi, hilo silipingi. Lakini ulipoulizwa swali la kweli ukajibu uongo, na hapo umekosa.

Nikueleze. Mtu mzima akitazama filamu anajua kuna fundi nyuma yake, na raha yake ni kukubali kudanganywa kwa saa moja. Mwanao hakukubali chochote. Alikuuliza kwa nini hakumbuki, na wewe ukamfanya akitilie shaka kichwa chake mwenyewe, wakati kichwa chake ndicho kilichokuwa sahihi. Hatasahau. Atakuja kujua, na atajua pia kwamba baba yake alimwona akisubiri akanyamaza.

Leo hii ng'oa mlango wa kabati. Usingoje kesho, mtoto anaweza kukosa hewa humo.

Kisha mketishe mbele ya kompyuta mchana kweupe, na mjomba wake awepo. Mwonyeshe video ya mama peke yake. Mwonyeshe ya kwake, mjomba akiwa amejifunika kijani. Mwache afute kitambaa kwa kidole chake mwenyewe, amtoe mama, amrudishe, mpaka aone kazi ilivyofanyika. Mwambie, “Nilikudanganya. Hukufika. Hakuna mashine inayoweza kufika huko.” Sema mama alikufa. Usiseme amesafiri wala amelala, maana anayesafiri husubiriwa.

Video ya mama usiifiche. Ni yake, na aitazame akitaka.

Humuui mama yake, bwana. Unampa mtoto ruhusa ya kumlilia, ruhusa uliyomnyima kwa wiki zote hizi. Atalia, pengine atakukasirikia. Usiwashe chochote cha kumnyamazisha. Mpakate mpaka amalize, na kesho akiuliza tena, mjibu vilevile.