Sumari, Aliyeshikilia Waya Juu ya Mlingoti

Mvua za masika zimerudi, Sumari, na mwaka umetimia tangu tukulaze chini ya migomba yako, huku juu ya mto Nduruma. Mwaka jana hatukuweza kuandika neno. Boma la Arusha lilikuwa bado la Wadachi, na aliyefungua mdomo alipigwa hamsa ishirini, viboko ambavyo wengine hawakuinuka baada yake. Sasa wameondoka, na Bwana Waya, yule Mdachi mwenye shamba Themi, amekimbia nao. Tunaweza kukutaja.

Ulikuwa mtundika mizinga, na hakukuwa na mti uliokushinda. Ulipanda kwa kamba yako ya ngozi huku ukiwaamkia nyuki kwa adabu zaidi kuliko ulivyowaamkia mashemeji zako. Tabea mkeo hakuchoka kukutania kwamba wazee wangekuoza kwa nyuki huko huko juu. Asali ya kwanza haikuingia nyumbani kwako hata siku moja. Ilikwenda kwa mwanamke yeyote aliyejifungua, hata mke wa yule jirani aliyekuibia mbuzi. Ulikuwa mpole kupita kiasi, na upole huo ndio uliokuponza. Tunasema hivyo kwa uchungu.

Vita vilipoanza, askari walimchukua Mikaeli, mwanao wa pekee wa kiume, awe mpagazi. Walimtia kamba shingoni mbele ya macho yako. Tangu hapo ulibaki na ombi moja tu duniani: arudi.

Ndipo Bwana Waya alipokuita shambani kwake, Themi. Kabla ya vita Mdachi huyu alikuwa akijifurahisha na simu ya upepo. Alisimamisha mlingoti wenye waya, akavaa vyuma masikioni, akasikilizana na rafiki yake wa Moshi. Sasa nyaya za simu za chini ya bahari zilikuwa zimekatwa, naye alitaka kusikia habari za kwao Ulaya. Alisema mawimbi ya huko ni marefu mno, na mlingoti wake ni mfupi, hauyashiki. Mti wa kuurefusha vya kutosha hakuupata. Basi akatafuta njia nyingine: nyaya zitandazwe kutoka kileleni kama mbavu za mwavuli, nyingine zifukiwe ardhini pande zote, na chini kabisa uzi mwingi wa shaba uzungushwe kwenye gogo kavu lenye uwazi ndani. Alihitaji mtu wa kupanda. Gogo pia alilihitaji.

Ulimwendea na jani la sale. Kwetu, mtu akikuletea jani hilo ukalipokea, huwezi tena kumnyima anachoomba, hata kama alimuua ndugu yako. Ulimwomba Mikaeli. Bwana Waya alilipokea, akalinusa, akalichomeka kwenye kofia yake.

"Mlingoti ukisikia, mwanao atarudi," akasema.

Ulirudi nyumbani ukicheka peke yako njiani.

"Baba Mikaeli, yule hajui sale ni nini," Tabea alikwambia. "Kwake ni jani tu."

"Amelipokea, Mama Mikaeli. Kwa mkono wa kulia. Nimeona kwa macho yangu."

"Hata mbuzi ukimpa atalipokea."

Ulikasirika, ukakataa chakula. Katika ndoa yenu yote, hiyo ndiyo hasira pekee anayoikumbuka.

Gogo alilolichagua Bwana Waya lilikuwa mzinga wako mkubwa, mkavu, uliokolea nta na moshi wa miaka. Ulimsihi akungoje uwahamishe nyuki. Yeye akaamuru wamwagiwe maji ya moto mle mle ndani, akasimama kando akivuta kiko. Ulizungusha uzi wa shaba juu ya mzinga huo, mzunguko kando ya mzunguko bila kugusana, huku nyuki waliokufa wakikudondokea miguuni. Ukapanda na nyaya za kileleni. Ukazifungia shingo za chupa ili zisiguse mti, maana mti mbichi, alisema, hunywa ile sauti kabla haijafika masikioni. Ukashuka, ukachimba mifereji ya zile za ardhini kwa jembe lako mwenyewe. Kila jioni ulimwuliza, "Inasikia, Bwana?" naye akatikisa kichwa.

Wakati kazi hiyo ikiendelea, Lemburis wa Levolosi, aliyechukuliwa pamoja na Mikaeli, alirudi akiwa mifupa mitupu. Alipita kwanza kwa Bwana Waya, kwa kuwa ndiye aliyesimamia wapagazi wa upande wetu. Alimweleza kwamba Mikaeli alikufa kwa kuhara damu, akaachwa kando ya njia bila hata tonge la udongo juu yake. Bwana Waya akamjibu kwamba mlingoti haujaisha, na kwamba akimwambia mtu atakula hamsa ishirini. Wewe ulikuwa juu ukifunga waya. Ulimwona Lemburis, ukampungia mkono kwa furaha. Akainamisha kichwa, akaenda zake. Haya sisi tuliyajua baadaye. Wewe hukuyajua kabisa.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Waya mmoja ulikuwa umelegea ukagusa kilele kilicholowa. Ulipanda, ukauinua kwa mkono, ukishika ile shingo ya chupa. Chini, Bwana Waya akaruka na vyuma vyake masikioni.

"Nasikia! Nasikia kwetu! Kaa hapo hapo!"

"Bwana, mlingoti unalia," ulimwambia. "Nyaya zinavuta upande mmoja. Nishuke niufunge kwanza."

"Ukishuka, mwanao harudi!"

Ukakaa. Ruth, binti yako, aliyekuwa amekuletea chakula, anasema ulikuwa ukicheka huko juu. "Inasikia, mwanangu!" ulimwita. "Inasikia!" Kisha mlingoti ukakatika.

Tusimsingizie Bwana Waya: alilia. Alilia machozi kabisa, akiokota vipande vya waya kwenye tope, akijaribu kuviunga tena. Wewe hakukugusa. Alikuruka kama mtu anavyoruka mfereji.

Tabea alifika ungali na pumzi. Hukuuliza habari za mgongo wako uliovunjika. Ulimtafuta yule mtu kwa macho mpaka ukampata.

"Bwana, imesikia. Mikaeli anarudi lini?"

Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Kesho," akasema, macho makavu tayari.

Ulimshika Tabea mkono. "Mpikie, Mama Mikaeli," ulimwambia. "Atakuja na njaa." Ukakata roho ukiwa na furaha ambayo hatukuiona usoni pako tangu vita vianze.

Na Tabea alipiga magoti kwenye tope lile lile akamshukuru yule mtu. Alimshika mikono yote miwili. Mpaka leo huosha mikono yake kwa majivu bila sababu, na sisi hatumwulizi.

Siku ya pili tulikuzika, chungu cha Mikaeli kikiwa mekoni. Watu walikuwa wakigeuka geuka kutazama njia, hata mchungaji. Aliyekuja kwa njia hiyo alikuwa Lemburis. Akasimama kando ya kaburi lako, akasema yote.

Wanaokukumbuka ni mkeo Tabea, binti yako Ruth, dada yako Namnyaki aliyeolewa Levolosi, na akina mama wa mlimani uliowapelekea asali. Lemburis ameomba jina lake liwemo miongoni mwa haya. Tabea amekataa.

Tutakukumbuka siku zote tutakazoishi, Sumari. Ukikutana na Mikaeli huko uliko, mwambie mama yake alimpikia.