Rangi ya Mkoba wa Mama

Loredana mwanangu,

Supu ya maharage iko jikoni, ipashe moto polepole. Mkoba wa marehemu bibi yako uko hapa mezani juu ya gazeti. Usiuanike juani, ngozi itapasuka. ~~Rangi nyeusi iko dirishani, upake mara mbili uwahi misa ya Jumapili.~~

Usiupake! Asubuhi nimeusugua kwa kitambaa na spiriti, nitoe rangi kuukuu kabla ya mpya. Kitambaa kikatoka cheusi, cheusi tena, halafu chekundu. Mwanangu, chini ni mwekundu kama cheri! Mama alifiwa na mume mimi bado nanyonya, akachovya nguo zake zote kwenye sufuria ya rangi nyeusi, kama wajane wote wa hapa Santa Croce. Kumbe na mkoba hakuusaza. Nina miaka sabini na minane, na leo ndiyo kwanza namwona mama yangu akiwa msichana.

Na ndiye aliyenizaba kofi kwa kupaka rangi ya midomo!

Jumapili utaubeba hivyo hivyo, wa kunong'ona wanong'one. Nimekwenda makaburini kumwambia siri yake imetoka. Rangi yako ya midomo usiitafute, ile nyekundu. Nimeipaka.

Mama