Mifuko Yenye Sura ya Mbwa

Jumatatu, 7 Julai

Sala ya asubuhi, uji, cherehani. Ukungu mzito hapa mtaa wa Ramadhani. Nimeshona nikiwa nimevaa koti. Mama Atu amefika mapema. Mjane huyu ni mwanafunzi wangu tangu kifua chake kilipoanza kukataa vumbi la kokoto alizokuwa akiponda. Mikono yake bado mizito, lakini mshono wake umenyooka. Leo amemaliza mfuko mzima wa sokoni peke yake, pamoja na mikanda. Nimefurahi kupita kiasi kinachomstahili mwinjilisti mstaafu.

Tunashona kwa mifuko mitupu ya chakula cha mbwa, ninayoifuata Makambako, kwenye yadi ya mbao inayofuga mbwa wa ulinzi. Ni migumu, haipitishi maji, inabeba viazi bila kuchanika. Kila mmoja una picha ya mbwa mkubwa, ulimi nje.

Alhamisi, 10 Julai

Wazo limenijia katikati ya sala. Nimeomba msamaha, kisha nikaendelea kulifikiria. Tarehe ishirini ni sikukuu ya mavuno. Waumini wakipeleka mahindi na maparachichi madhabahuni ndani ya mifuko yetu, usharika wote utaiona na kina mama wataagiza. Mama Atu amenieleza bila kuficha: wasipoagiza, atarudi kwenye kokoto. Kifua kile hakitastahimili.

Nina msisimko wa kijana. Nimezunguka nyumba mara kadhaa bila sababu.

Jumapili, 13 Julai

Baraza la wazee wa kanisa. Mwenyekiti, Mzee Mgaya, niliyesoma naye chuo cha Biblia, amenisikiliza hadi mwisho. Kisha: "Mwinjilisti, umestaafu kuchunga kondoo, sasa unachunga mbwa?"

Wote wamecheka. Mimi nimecheka baadaye, njiani. Uamuzi wake: sura ya mbwa haitaelekea madhabahu. Nimerudi nyumbani kutafuta katika Maandiko mahali mbwa anaposifiwa. Ni haba sana.

Nimekasirika. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli.

Jumatano, 16 Julai

Mama Atu amepata ufumbuzi: tuigeuze. Upande wa ndani ni mweupe tupu. Nimempelekea Mzee Mgaya mmoja uliogeuzwa. Ameuangalia, akakubali papo hapo.

Tumefumua na kushona upya siku nzima. Weupe ule, ukiwa umepangwa mezani, umenipa furaha nisiyoweza kuipima. Upande huo ndio uliogusana na chakula, hivyo una mafuta kidogo. Kufua hakuwezekani, kwa baridi hii nguo hukaa kambani siku nyingi bila kukauka. Tumepangusa kwa kitambaa cha sabuni. Harufu kidogo imebaki. Tumekubaliana kwamba itaisha.

Jumamosi, 19 Julai

Imekamilika. Mama Atu hakugusa chakula cha mchana. Mimi nimekula, bila kujua nini.

Paka wa jirani amekutwa amelala juu ya mifuko, akiilamba. Nimemfukuza. Sikutafakari zaidi.

Jumapili, 20 Julai

Maandamano ya mavuno yameingia kwa wimbo. Mbele kabisa, Mama Atu na mfuko wa maparachichi. Nyuma yake, pua ikigusa mfuko, mbwa. Ni mbwa wa Mzee Mgaya mwenyewe, anayekaa jirani na kanisa. Wengine wawili wakafuata, kwa mwendo wa taratibu kama washarika.

Mama Atu alipopiga magoti, mbwa akaketi kando yake. Kanisa zima likaangua kicheko. Niliona mabega ya Mama Atu yakitetemeka, nikamwona akirudi kwenye kokoto. Nilitamani sakafu inifunike.

Mchungaji alisubiri kicheko kiishe, akayabariki mavuno yote. Mzee Mgaya akasimama, macho mekundu, akamvuta mbwa wake. Mbwa hakutoka. Ikambidi auchukue mfuko. Ndipo mbwa akamfuata hadi nje, mkia ukicheza.

Baada ya ibada, mnada wa mavuno uani. Mfuko ule ulipoinuliwa, kila mtu aliutaka. Mzee Mgaya aliung'ang'ania kuliko wote hadi akaupata. Akautazama ndani, akaiona picha, akamwendea Mama Atu.

"Mama Atu, nigeuzie tena. Sura ibaki nje, harufu ibaki ndani. Na mke wangu naye anataka wake."

Kina mama wakamzunguka, wakiagiza mifuko. Wageni waliotoka Makambako wakaomba wapelekewe yao. Mama Atu alikuwa akicheka na kulia, akikohoa kidogo. Nimemshukuru Mungu kwa sauti, mbele za watu, kofia mkononi.

Jumatatu, 21 Julai

Ukungu. Sala, uji, cherehani.

Mama Atu amekuja na nyundo yake ya kokoto ndani ya kanga. Ameiweka mezani, akakunja ukingo wa mfuko na kuugonga polepole hadi ukalala. Sindano imepita bila kukatika.

Nyundo imebaki hapa.