Alama za Mkaa kwenye Mayai ya Bata

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie haraka, maana leo ni Alhamisi na Jumamosi mayai yanatupwa, na hayo mayai yana uhai ndani, nimeuona kwa macho yangu mawili.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, naishi na mume wangu, watoto wawili na mama mkwe. Nyuma ya nyumba tuna kuku kumi na mmoja, sungura wanne na mbuzi mmoja anayekula kila kitu, hata riboni za wateja wangu. Mwenye ua huo ni mama mkwe, na kipenzi chake ni kuku mmoja mzee tunayemwita Shangazi, kwa sababu anagombeza kila apitaye. Wale wengine ni wa kununua tu. Shangazi ni kitukuu wa kuku ambaye mama mkwe alipewa na mama yake mzazi siku anaolewa, na kwa mbegu hiyo mama hana mchezo.

Basi wiki tatu zilizopita Shangazi akaanza kuatamia, mama akampangia mayai yake kumi, na kama kawaida yake akayachora kila moja mistari miwili ya mkaa, ili kuku mwingine akija kutagia humo yai geni lijulikane na litolewe. Kesho yake asubuhi jirani yetu seremala akanijia na mayai manane ya bata kwenye kofia yake, akasema bata wake kayakimbia, kama nina kuku anayeatamia niyaokoe, vinginevyo yataharibika. Mshauri, mimi tangu utoto nina wazimu wa bata! Nikiona bata wamepanga mstari barabarani naacha abiria wenzangu nashuka kuwatazama. Na mama mkwe siku hiyo alikuwa kliniki ya macho, maana macho yake yameingia ukungu, na kuku mwingine wa kuatamia hatuna, sasa ningefanyaje?

Nikatoa yale kumi, nikaweka yale manane, na ili mama asishtuke nikachukua kipande cha mkaa jikoni nikayachora mistari miwili miwili kama alivyochora yeye, tena kwa mkono wa ufundi, ulinganifu kabisa. Yale ya kuku nikayakaanga na vitunguu. Mama aliporudi kutoka kliniki alikula, akasema, "Mkwe wangu, leo mayai yana ladha," na mimi nikaongeza chai kwenye kikombe chake kwa sababu sikujua pa kuweka uso.

Tangu hapo sina raha na sina huzuni, nina kiherehere tu. Juzi mchana nilibeba yai moja chini ya shuka, nikajifungia stoo, nikaweka tochi ya simu nyuma yake, na nikaona mishipa myekundu, na katikati kitu cheusi kikarusha teke! Nilipiga kelele mpaka mteja aliyekuwa akisubiri gauni barazani akauliza kama nimeona nyoka. Nikayamulika na mengine, moja baada ya jingine, na manane yote yako hai, mshauri, yote!

Lakini jana ilitimia siku ya ishirini na moja, vifaranga vya kuku vingekuwa vimeshatoka, na mama akainama pale kiotani akasema, "Haya ni viza. Namwonea huruma Shangazi, anakonda bure. Nampa mpaka Jumamosi, kisha nayatupa jalalani." Ajabu ni kwamba hajakata tamaa hasa, kwani kila asubuhi anachovya vidole kwenye bakuli na kuyanyunyizia maji, anasema joto la mwaka huu limezidi. Seremala aliniambia bata ni siku ishirini na nane, kwa hiyo nimepanga kumwambia mama kwamba tulihesabu vibaya, tumpe Shangazi wiki moja zaidi. Mume wangu anajua kila kitu na anasema, "Mimi simo." Je, nimdanganye siku hizo chache ili viumbe wapone, au niseme ukweli nifukuzwe uani maisha? Ni wale bata wenye nyama nyekundu usoni, wasiopiga kelele, wazuri mno. Tafadhali usitaje jina langu.

Mshauri anajibu redioni:

Jina lako silitaji, binti yangu, kwa sababu hukuliandika. Ila umeandika Shangazi, umeandika seremala na kofia yake, umeandika mbuzi anayekula riboni. Sasa unadhani umemficha nani?

Kwanza hongera. Manane kati ya manane si jambo dogo, na hilo teke la stooni limenifanya nami nicheke peke yangu hapa studio. Mimi nimefuga bata miaka tisa na kila nikiona yai linacheza bado napiga kelele kama wewe. Furaha yako naijua, na siiti ujinga.

Sasa kaa vizuri nikugombeze. Kuwaokoa bata haikuwa kosa. Ungemsubiri mama arudi kutoka kliniki, mayai ya bata hayaharibiki kwa nusu siku, ukamwambia, "Mama, naomba nafasi kwa Shangazi." Pengine angekubali hata kuchanganya, pengine angekataa, lakini kuku ni wake. Wewe ulichukua mkaa. Ule mstari wa mkaa ndio njia yake ya kujua lipi lake na lipi geni, na wewe ukaugeuza kuwa njia ya kumpofusha mtu ambaye macho yanamsumbua tayari. Halafu ukamlisha mbegu ya mama yake na vitunguu. Nilikuwa nacheka mpaka hapo, nikaacha.

Na huo uongo wa wiki moja uutupe, kwanza kwa sababu ni uongo, pili kwa sababu hautakufikisha popote. Seremala kachonga hesabu vibaya. Siku ishirini na nane ni za bata wengine. Hao wenye nyama nyekundu usoni wanataka siku thelathini na tano. Wiki yako ya uongo ingeisha, mayai yangekuwa kimya, na wewe mwenyewe ungeyapeleka jalalani kwa mikono yako, huku yana roho. Una wiki mbili kamili mbele yako, na huwezi kuzivuka bila mama mkwe.

Hebu pia nikuulize. Umewahi kuona mtu akinyunyizia maji mayai ya kuku kila siku? Mimi sijaona. Ya bata ndiyo hunyunyiziwa, kwa kuwa bata mwenyewe hurudi kiotani na manyoya yameloa, na kuku hana hilo. Ukungu uko machoni mwa mama, mikononi haupo. Mtu aliyeshika mayai ya kuku tangu hajaolewa, alishike la bata asijue, na kumi yawe manane asihesabu? Na mtu anayetaka kutupa mayai hayapi maji. Naona hiyo Jumamosi amekuwekea wewe, anakupa nafasi ya kufungua mdomo. Kama nimekosea na hajui lolote, basi ndiyo zaidi useme leo.

Utafanya hivi. Utamwambia yote, kuanzia mkaa mpaka kikaangio, na hutaanza na bata, utaanza na yale kumi. Usimtupie lawama mume wako wala seremala. Akinyamaza, nawe nyamaza. Akigomba, pokea. Shangazi akishamaliza kulea hawa atataga tena, na mayai hayo hutayagusa hata kwa kidole, mama ndiye atakayeyapanga na kuyachora. Bata wakitoka, yeye achague wake kwanza, nusu nzima. Na waandalie sinia la maji ya kina kifupi, maana siku ya kwanza watakapoingia majini Shangazi atadhani wanazama, atapiga kelele mtaa mzima ukusanyike, na hapo mtahitajiana wewe na mama kumshika.

Nawe mama, kama uko jikoni unanisikiliza, na najua uko, redio hii haina siri: mkweo amekukosea, ana haki ya kugombezwa, na ana moyo wa kufuga kama wako. Watu wa hivyo hawapatikani ovyo. Mgombeze, kisha mfundishe kunyunyiza maji.

Sasa ninaweka wimbo. Una dakika nne. Binti, toa mguu kwenye cherehani, inuka, nenda. Ukiisha nataka uwe umeshakaa karibu naye.